Jongoo Bahari wa Maji Baridi na Wanawe



Juma lililopita, baada ya darsa ya akina mama ya alasiri, mama mmoja alibaki nyuma mpaka wenzake wakamaliza kutoka. Kisha akatuuliza swali ambalo hatukulitarajia katika darsa ya tohara. Mwanawe wa pekee, mwenye umri wa miaka saba, alikwenda ufuoni siku ya bamvua maji yalipokupwa, akarudi nyumbani na jongoo bahari ndani ya ndoo. Akamwuliza mamake: "Mama, huyu naye ana mama? Mamake yuko wapi?" Mama akakosa la kusema, akamwamuru amrudishe baharini mara moja. Mtoto akamrudisha jongoo, lakini swali akabaki nalo.

"Sheikh," akasema yule mama, "mimi nilimwambia Mungu ndiye ajuaye. Naye akanijibu: Mungu anajua, lakini wewe Mama hujui?"

Tulicheka pamoja. Alipokuwa akijifunga buibui lake kuondoka, aliongeza: "Huenda huyo jongoo naye ana mmoja tu, kama mimi." Alilisema kwa mzaha, nasi tulijua si mzaha. Miezi michache nyuma, katika darsa hiyo hiyo, tulizungumzia fadhila za watoto wengi, na katika kunogesha maneno tukasema kwamba nyumba yenye mtoto mmoja ni ngalawa yenye mrengu mmoja. Wengi walicheka. Yeye aliinamisha kichwa. Tulimwona, na bado tukaendelea.

Basi tuna madeni mawili. La kwanza ni swali la mtoto, na la pili ni neno letu lile. Tuanze na la mtoto, kwani mtoto hasubiri.

Jongoo bahari si mdudu, wala si samaki. Ni wa ukoo mmoja na kiti cha pweza, na wale wanyama wa miiba mirefu wanaochoma nyayo za wavuvi miambani. Ziko aina zaidi ya 1,500 katika bahari za dunia, kuanzia maji ya ufuoni mpaka vilindi visivyofikwa na nuru. Mwili wake ni laini na mrefu. Mdomo uko upande mmoja, umezungukwa na minyiri ambayo kwayo hukusanya chakula chake. Jike na dume, katika aina nyingi, hawatambulikani kwa macho. Ndani ya mwili kila mmoja ana kiungo kimoja tu cha uzazi, mfano wa shada la mirija myembamba kama tambi, na tundu lake hufunguka karibu na minyiri.

Jongoo mchanga, ambaye wengi wetu tunamjua hapa pwani, huzaa kwa njia iliyo kubwa kwa idadi na fupi kwa malezi. Wakati wake ukifika, huinua nusu ya mwili wake juu ya mchanga, mfano wa swila aliyeinua kichwa, akawa anayumbayumba. Kwa kawaida madume hutangulia kumwaga mbegu zao majini, kisha majike hufuata na mayai yao. Jike mmoja mkubwa aweza kutoa mayai zaidi ya 1,000,000 kwa mara moja, na kila yai lina upana wa takriban sehemu ya tano ya milimita. Mbegu na mayai hukutana majini, mbali na wazazi. Mtoto anayetoka huelea na mikondo, akila mimea midogo isiyoonekana kwa macho, na baada ya kama majuma mawili hutua juu ya majani ya baharini kuanza maisha ya chini. Wengi mno huliwa au hupotea kabla ya kufika hapo.

Kwa hivyo, jibu la mtoto wetu kuhusu yule jongoo wa kwenye ndoo ni hili: mama alikuwa naye, lakini mama hamjui mwana, na mwana hamjui mama. Lau makala haya yangeishia hapo, mtoto yule angehuzunika. Lakini jongoo wa kwetu ana jamaa zake katika bahari za baridi, na huko mambo ni mengine.

Hebu tufikirie bahari hizo zilivyo. Maji yetu ya ufuoni huwa na joto la nyuzi 25 hadi 30 hivi mwaka mzima, iwe kusi au kaskazi. Kaskazini ya mbali na kusini ya mbali, maji hukaribia kuganda. Majira ya baridi mwanga wa jua hupungua mno, na ile mimea midogo ambayo watoto wa jongoo huitegemea hukaribia kutoweka. Hurudi kwa wingi masika ya huko yanapofika, kisha baada ya muda mfupi hupungua tena. Isitoshe, baridi huchelewesha ukuaji. Yai ambalo hapa kwetu lingekamilisha safari kwa majuma mawili, huko huhitaji muda mrefu zaidi. Mtoto mchanga aliyeachwa aelee katika maji hayo bila chakula ni kama msafiri aliyetoka bila masurufu, na njia ni ndefu.

Jongoo wa maji baridi amepewa njia mbili kubwa za kuukabili mtihani huo. Ya kwanza ni kumfungia mtoto masurufu. Ya pili ni kutomwacha aende.

Njia ya kwanza tunaiona kwa jongoo mmoja mkubwa wa Atlantiki ya kaskazini, ambaye kwa jina la kitaalamu huitwa Cucumaria frondosa. Huishi pwani za Kanada, Iceland na Norway hadi maji ya Aktiki. Hukaa juu ya mawe na kutandaza minyiri yake kama matawi ya mti, akinasa chembe zinazopita. Yai lake lina upana wa zaidi ya nusu milimita, nalo limejaa kiini chenye mafuta. Tofauti ya upana huo na wa yai la jongoo mchanga yaonekana ndogo, lakini kwa ujazo ni zaidi ya mara kumi na tano. Kwa sababu ya mafuta hayo, yai hupanda na kuelea karibu na uso wa maji. Mtoto anayetoka humo hali kitu safari nzima, akiishi kwa akiba aliyofungiwa na mamake. Huchukua zaidi ya majuma sita kabla ya kutua chini, na akishatua hujificha katika mianya ya mawe. Kisha huhitaji miaka kadhaa kufikia utu uzima.

Akiba hiyo haitengenezwi kwa siku moja. Wataalamu wawili, Jean-François Hamel na Annie Mercier, waliwachunguza majongoo hawa kwa miaka mingi katika mlango wa mto St. Lawrence huko Kanada, nao wakaona kwamba matayarisho ya mayai huchukua zaidi ya mwaka mmoja. Yaani mama huanza kumwandalia mwanawe masurufu muda mrefu kabla ya siku ya safari. Na siku yenyewe haichaguliwi ovyo, kwani hao wa St. Lawrence humwaga mayai yao majira ya baridi yakiwa yamekwisha, wakati wa mwaka ambapo bahari inarudiwa na uhai.

Hapa pana ajabu nyingine. Mnyama huyu hana macho kama yetu, wala hana sauti, naye hukaa mahali pamoja. Vipi basi wanajua wote kuwa wakati umefika? Mwaka 1999 wataalamu hao wawili walieleza kwamba ute unaotoka katika ngozi ya jongoo hubeba ujumbe. Jongoo ambaye matayarisho yake yamesonga mbele huwafikishia jirani zake habari kwa ute huo, nao hufuata mwendo wake. Ujirani kwao ni sharti la uzazi. Mbegu ikimwagwa majini husambaa na kufifia upesi, na yai lililo mbali hupita bila kukutana na lolote. Jongoo aliye peke yake aweza kuwa mzima wa afya, mwenye mayai tele, na asipate hata mtoto mmoja.

Sasa tuje kwenye njia ya pili, nayo ndiyo tunayotaka mama yule amsimulie mwanawe.

Kati ya miaka ya 1872 na 1876, meli ya Uingereza iitwayo Challenger ilizunguka bahari za dunia kwa ajili ya elimu. Mkuu wa wataalamu wake alikuwa Wyville Thomson. Walipofika kisiwa cha Heard, kilicho kusini kabisa mwa Bahari ya Hindi, bahari hii hii inayopiga Mombasa na Lamu, walivua jongoo mdogo ambaye mgongoni mwake alikuwa na magamba yaliyoinuka mfano wa uyoga. Chini ya magamba hayo palikuwa na nafasi, na ndani ya nafasi hizo yalikuwamo mayai na watoto. Thomson akamwita Psolus ephippifer, maana yake mbeba tandiko, kwani magamba yale yalimkumbusha tandiko la farasi. Sisi wa huku tungesema tandiko la punda, ila punda wetu hubebeshwa mizigo ya watu, na huyu hubeba wanawe.

Katika visiwa vya Falkland, kusini mwa Amerika, wakamwona mwingine, wa rangi ya manjano kama zafarani, akiishi juu ya mwani mrefu wa maji baridi. Jike lake lilikuwa limebeba watoto mgongoni, wamejipanga safu mbili, wakishikilia kwa vijiguu vyao laini. Thomson alichapisha habari hizi mwaka 1876. Kabla ya hapo wengi walidhani kwamba wanyama wa ukoo huu karibu wote huachilia wana wao majini na kwenda zao.

Tangu siku hizo wamegunduliwa wengine wengi. Katika bahari za Antaktika wako majike wenye vifuko ndani ya miili yao, na watoto hukaa humo mpaka wanapoweza kujitegemea. Kwenye miamba ya pwani ya magharibi ya Amerika ya Kaskazini, ambako maji ni ya baridi, yuko jongoo mweusi mdogo kama kidole cha mtoto, Cucumaria pseudocurata. Huyu hutaga katikati ya majira ya baridi, wakati wa mawimbi makali, akayakusanya mayai yake chini ya tumbo na kuyabana kwenye jamvi la kome kwa majuma kadhaa. Hayazidi mamia machache. Watoto wanapotoka hawaelei popote, bali hutambaa kando ya mama.

Na wa kushangaza kuliko wote, pengine, ni yule wa British Columbia nchini Kanada, aitwaye Leptosynapta clarki, mwembamba kama mnyoo, anayeishi ndani ya mchanga. Wengi wao huanza maisha wakiwa madume, na wakikua huwa majike. Jike huyu hatagi mayai nje. Watoto hukua ndani ya kiungo chake cha uzazi, majira yote ya baridi, na huzaliwa masika wakiwa majongoo kamili, ila wadogo. Ni kama mimba, na ni kuzaa.

Wala tusidhani baridi iko mbali nasi. Nje ya miamba yetu, bahari inaposhuka maelfu ya mita, maji ya chini ni baridi kila mahali, hata hapa kwenye mstari wa ikweta, nyuzi chache tu juu ya sifuri. Majongoo ni miongoni mwa wanyama walio wengi zaidi katika vilindi vya dunia. Huko kuna wenye mayai makubwa ya zaidi ya milimita 3, akiba ya ajabu kwa mnyama wa aina yao. Na katika Atlantiki wako wa jamii ya Paroriza, ambao kila mmoja ana uzazi wa kike na wa kiume. Kamera za vilindini zimewakuta mara nyingi wakiwa wawili wawili, ubavu kwa ubavu. Katika kiza na upana ule, kumpata mwenzako na kumwacha aende ni hasara kubwa.

Kwa nini wa maji baridi wakawa hivi? Katika karne iliyopita Gunnar Thorson, mtaalamu wa Denmark aliyefanya utafiti wake Greenland, alifikiri kwamba kadiri unavyokaribia ncha za dunia ndivyo wanyama wa sakafu ya bahari wanavyoacha kuachilia watoto wanaoelea, na badala yake huwalea. Maneno yake yalikubaliwa kwa miaka mingi, yakawa kama kanuni. Baadaye watu walipoichunguza Antaktika kwa makini zaidi, walikuta kwamba baadhi ya wanyama walio wengi kabisa huko bado huachilia wana wao majini. Wengine wakasema huenda mikondo mikubwa inayolizunguka bara lile iliwatenga makundi, na wale wenye kulea, kwa kuwa wana wao hawaendi mbali, wakazidi kuwa aina mbalimbali kila kundi mahali pake. Katika maji yale yale ya baridi, basi, yuko anayemwaga maelfu, na yuko anayebeba wachache mgongoni. Wote wapo, na wote wamefika siku ya leo.

Kila njia ina hatari yake, na hapa jambo hili linatugusa sisi. Anayelea huacha wana wake papo hapo alipo. Eneo lake likikombwa, hakuna watoto watakaoletwa na mkondo kutoka mbali kulijaza tena. Anayemwaga majini wana wake husafiri, lakini yeye mwenyewe hawezi kuzaa bila jirani. Na Cucumaria frondosa wa kaskazini, anayevuliwa kwa meli kwa ajili ya masoko ya Asia, hukawia kukua, kwa hiyo anayetolewa leo hapati mbadala wake kesho.

Hapa kwetu, jongoo huokotwa, huchemshwa, hukaushwa na kusafirishwa, hasa China. Ni riziki ya nyumba nyingi, wala hatumlaumu anayetafuta ada ya shule ya wanawe. Serikali imekataza kuwakusanya kwa kuzamia na mitungi ya hewa, na wazee wa uvuvi wanajua sababu. Lakini twende mbele ya sheria. Aliyeelewa kwamba jongoo mchanga huzaa kwa kukaribiana ataelewa kwamba kuwaacha wawili, mmoja huku na mwingine mwendo wa saa nzima, si kubakisha mbegu. Bora kubakisha kundi moja zima mahali pamoja, likaachwa, kuliko kubakisha mmoja mmoja kila mahali. Akina mama wanaokwenda kuokota maji yakipwa wanaweza kukubaliana hilo wao kwa wao, bila kungoja mkutano.

Limebaki deni la pili. Tulisema nyumba ya mtoto mmoja ni ngalawa ya mrengu mmoja. Neno lile halikuwa na hoja. Lilikuwa pambo la maneno, na pambo hilo lilimchoma mtu aliyekuja kutafuta elimu. Aliyepewa mmoja baada ya kusubiri miaka hakupunguziwa daraja, wala aliyepewa kumi hakupewa kwa werevu wake. Na aliyenyimwa hakunyimwa kwa sababu tunayoijua sisi. Hatusemi haya kwa kuwa jongoo ametufundisha dini. Tunasema kwa kuwa, tulipokuwa tukimsoma jongoo, tulikumbuka kile kichwa kilichoinama. Tunamwomba mama yule atusamehe, na tunaliomba hadharani kwa kuwa tulimuumiza hadharani.

Akirudi nyumbani, amwambie mwanawe hivi: "Jongoo wako wa kwenye ndoo alikuwa na mama, na mamake alikuwa na watoto wengi mno asioweza kuwajua. Lakini mbali sana, ambako bahari ni baridi, wako majongoo wanaobeba wana wao mgongoni mpaka wajue kutambaa." Tunadhani mtoto atauliza ni nani hubeba mgongoni huku kwetu. Jibu la hilo mama analo kwenye kanga yake.

Na siku nyingine ya bamvua, wakienda pamoja, wageuze mawe taratibu, watazame kilicho chini, kisha walirudishe kila jiwe kama walivyolikuta. Chini yake huenda kuna mtoto anayekua.

Tukutane juma lijalo, insha Allah. Wabillahi taufiki.